Bia haipashi mwili joto: jibu kwa mwendesha baiskeli wa Gent

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mtu wa Njombe, naishi Gent, Ubelgiji, huu mwaka wa nne. Nina miaka 36 na kilo 82, na kazini naenda kwa baiskeli kila siku. Wenzangu wameniandikisha mashindano ya ridhaa ya saiklokrosi, zile mbio za baiskeli za nje ya barabara, katikati ya Desemba, dakika 40 kwenye matope. Wanasema kipindi hicho huwa nyuzi 2 au 3 na manyunyu. Wanasema pia glasi moja ya bia kali kabla ya kuanza inapasha mwili, na watazamaji watanipa nyingine njiani. Bia naipenda, hasa hizi za viwanda vidogo vya huku, sitaki kudanganya. Lakini sijawahi kushindana kwenye baridi. Niwasikilize? Na nivae nini?

Jibu:

Kaka, mtu wa Njombe akiniuliza habari za baridi nahisi ananipima. Mimi nimezaliwa Moshi, barafu nilikuwa naiona kwa mbali, juu ya Kibo. Ila baridi ya kwenu ya Juni na Julai huja kiangazi, ardhi ikiwa kavu. Unavaa koti, unaota moto, basi. Hiyo inayokungoja Desemba imelowa. Nyuzi 3 na manyunyu zinaweza kumnyang'anya mwendesha baiskeli joto kuliko nyuzi kadhaa chini ya sifuri kukiwa kukavu, kwa sababu nguo ikishalowa haizuii kitu, na upepo wa mwendo wako mwenyewe unamalizia kazi. Nimefanya tiba ya viungo huku Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, kwa miaka mingi, na krosi sijaikosa majira hata moja tangu nilipoionja. Kwa hiyo nakujibu kama mtu wa kazi na kama mlevi wa mchezo.

Hilo shauri la bia kabla ya kuanza, waachie wenyewe. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya ngozi, kuanzia vidoleni, ili damu ya moto ibaki ndani kwenye moyo, ini na mapafu. Pombe inailegeza mishipa hiyo. Damu inakimbilia ngozini, uso unawaka, masikio yanapata moto, nawe unaapa kwamba bia imefanya kazi. Kumbe ni kama kulitoa jiko la mkaa nje: aliyekaa barazani anaota moto, walio ndani wanaganda. Tena pombe hupunguza kutetemeka, na kutetemeka ndiko mwili unakotengenezea joto la dharura.

Nayajua haya kwa ngozi yangu. Katika mashindano yangu ya pili, nyuzi 4 na mvua, nilimaliza nikiwa nimelowa mpaka soksi, nikaingia hemani bila kubadilisha nguo. Jamaa wakanipa tripel, bia kali ya huku. Nilikuwa natetemeka hadi meno yanagongana. Nusu glasi baadaye mtetemo ukatulia, nikawaambia, "Mnaona? Dawa." Dakika 20 zikapita, nikataka kuvua helmeti, vidole vikagoma. Kile kibano cha plastiki chini ya kidevu, ambacho unakibonyeza pande mbili kinafunguka, kilinishinda. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa kiganja, nikajaribu kukivutia pembeni nikitumia kidole gumba cha mkono mwingine. Mwisho alikuja mtoto wa meza ya jirani, binti wa miaka minane hivi, akanifungulia bila kuombwa, akarudi kula chipsi zake. Usiku ule nililala na blanketi tatu na asubuhi bado nilikuwa na baridi mifupani.

Sasa, cha kushangaza ni kwamba katikati ya mashindano baridi haitakusumbua sana. Misuli ya mwendesha baiskeli hugeuza kama robo tu ya nishati, au chini kidogo ya hapo, kuwa mwendo. Iliyobaki yote ni joto. Ukikanyaga kwa wati 220, mwili wako unatoa joto la karibu wati 800, si mbali sana na pasi ya umeme. Ndiyo maana utaona watu wanashindana kwa nguo nyepesi ambazo ukizitazama kutoka ndani ya koti lako unawaonea huruma. Wazee wa mchezo walikuwa wakisema hata kule kushuka na kukimbia ukiwa umebeba baiskeli begani kunapeleka damu ya moto miguuni. Na mchezo wenyewe ni wa majira haya tangu mwanzo: Wafaransa walianza ubingwa wao wa taifa mwaka 1902, Daniel Gousseau akitajwa kama mwanzilishi, na ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Paris mwaka 1950, akaushinda Jean Robic aliyekuwa amekwisha kuichukua Tour de France ya 1947. Huku Flanders watu wanashindana mpaka siku ya mwaka mpya, kule Baal, na hakuna anayeona ajabu.

Baridi inakuvizia sehemu mbili: kabla ya filimbi, na baada ya mstari wa mwisho.

Kabla ya filimbi ni hivi. Utapasha misuli dakika 20, utoke jasho, kisha mtapangwa kwenye mistari. Mgeni kama wewe huwekwa nyuma kabisa. Hapo mnasimama, dakika tano, wakati mwingine kumi, jasho linapoa mgongoni. Kwa hiyo usiende mwenyewe. Chukua mtu, mwenzako wa kazini au shemeji, akae kando ya uzio na koti lako. Ulivae hadi dakika moja kabla ya kuondoka ndipo umrushie. Suruali ya kupashia misuli iwe ya zipu pembeni mpaka juu, uweze kuivua bila kuvua viatu. Na hiyo fulana uliyotolea jasho ukiwa unapasha misuli usishindane nayo. Ivue, vaa nyingine kavu. Mgeni hulipuuza hilo, halafu anashangaa mbona ameanza akiwa tayari amepoa.

Mwilini vaa fulana nyembamba ya sufu ya mikono mirefu, juu yake jezi inayobana, magoti yafunikwe. Koti la mvua usishindane nalo. Utachemka ndani yake, na litanasa kwenye kiti cha baiskeli ukirukia. Chini ya helmeti weka kitambaa chembamba kinachofunika masikio. Glovu nunua jozi mbili, moja ya kupashia misuli na moja ya mashindano, na kama mvua ni ya uhakika tafuta za neoprini, ile mpira laini ya nguo za wapiga mbizi, kwa sababu zinatunza joto hata zikiwa zimejaa maji. Viatu visibane. Watu huongeza soksi ya pili ndani ya kiatu kilekile, mguu unabanwa, damu haipiti, vidole vinaganda kuliko vingekuwa na soksi moja.

Utawaona pia wengine wanajipaka miguuni mafuta ya kuchua yenye ukali wa pilipili, miguu inang'aa myekundu kama nyanya. Yanatoa raha, sikatai, lakini ni jamaa wa ile bia: yanaita damu ngozini, hayaongezi joto la ndani hata chembe. Ukitaka kuyajaribu, vaa kaptula kwanza ndipo ujipake, kisha osha mikono kwa sabuni mara mbili. Sitaeleza nilivyojifunza mpangilio huo.

Hapa pana jambo ambalo wenzako wa Gent hawatakuambia kwa kuwa haliwahusu sana. Tafiti za jeshi la Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi ya mikono na miguu zaidi kuliko wenzao Wazungu kwenye mazingira yaleyale. Mishipa ya vidole vyetu huwa inabana kwa nguvu zaidi na inachelewa kufunguka. Na vitabu vingi vinaeleza dalili kwa ngozi nyeupe: tazama kama kidole kimekuwa chekundu, kisha cheupe. Kwenye ngozi yako wekundu unaweza usiuone kabisa. Tazama kama ngozi imepauka, imekuwa ya kijivujivu, kama imepakwa majivu au nta, na kama ukiigusa huhisi. Ganzi inayoisha ndani ya nusu saa baada ya kupata joto ni ya kawaida. Ganzi inayobaki usiku kucha, au vidole vinavyowaka na kuuma siku kadhaa baadaye, nenda kwa daktari na umwambie wazi kwamba ulikuwa kwenye baridi yenye maji. Usivichomeke vidole vyenye ganzi kwenye maji ya moto wala usivikaribishe kwenye hita, hutahisi vinavyoungua. Kwapa lako linatosha.

Baiskeli nitaipitia haraka, maana barua yako haikuuliza sana. Yoyote yenye nafasi ya kupitisha matope kati ya tairi na fremu itafaa. Wanaoshindana kimataifa hawaruhusiwi kuzidisha tairi la milimita 33, lakini mashindano mengi ya ridhaa hayamkagui mtu. Cha maana ni upepo. Kwa uzito wako, ukiwa na tairi lisilo na tyubu, anza na baa 1.8 na uteremke kidogo kidogo kadiri tope linavyozidi (hizi ni baa za upepo, zile nyingine tunakuja). Ukiwa na tyubu usishuke hapo, utapata pancha kwenye mzizi wa kwanza. Njiani kuna viunzi vya mbao, kimo chake hakizidi sentimita 40. Watoto wa Kibelgiji wataviruka juu ya baiskeli, wewe shuka, inua, kimbia, panda. Kabla ya kupanda tena, igonge pedali kwa soli ya kiatu mara mbili, tope lianguke, la sivyo kiatu hakinasi. Na utakohoa. Hewa baridi ikivutwa kwa kasi ile inachubua koo, na jioni nzima utakuwa na kikohozi kikavu kinachojulikana na kila mtu wa krosi. Kikiambatana na mluzi kifuani, hicho si cha krosi. Ni cha kupimwa pumu.

Tuje kwenye glasi ya njiani. Ni kweli ipo. Kwenye kona ya mwisho kabla ya mlima, au pale penye mchanga, patakuwa na kundi la watu waliovaa mavazi ya ajabu wamenyoosha vikombe vya plastiki. Kanuni za mashindano rasmi haziruhusu kupokea chakula wala kinywaji njiani isipokuwa siku za joto, kwa hiyo anayepokea anaweza kuondolewa kwenye matokeo. Kwenye mashindano ya ridhaa ya kijijini mara nyingi wanafumba macho. Waulize waandaaji asubuhi ukichukua namba. Kiafya, mdomo mmoja hautakudhuru. Ila fikiria: moyo unapiga 175, mdomo uko wazi unatafuta hewa, mtu anakumiminia kinywaji chenye gesi. Nusu inakwenda puani. Mimi hupokea kwenye mzunguko wa mwisho tu, na hapo ni kama nimekwisha kukata tamaa ya kumpita aliye mbele.

Ukivuka mstari, saa yako halisi inaanza. Pasi imezimwa, nguo zimelowa, na damu iliyopoa mikononi na miguuni inaanza kurudi ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kuendelea kupoa hata baada ya kuingia mahali pa joto. Una dakika kumi. Nenda kwenye gari au hemani, vua kila kitu cha juu kwa mkupuo mmoja, jifute, vaa fulana kavu, kofia ya sufu, kisha soksi. Kofia kabla ya suruali, usione aibu. Nusu ya uwanja wamejifunga mataulo. Nguo kavu zipange usiku wa kuamkia siku hiyo kwenye mfuko mmoja, ya kuvaliwa kwanza ikiwa juu, na chagua zisizo na vifungo. Vidole vyako wakati huo havijui kifungo ni nini.

Kisha kitu cha moto na chakula. Nabeba chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha, na kwenye hema la waandaaji hapakosekani supu au chipsi na mayonesi. Sababu ya chakula si njaa tu. Ini lako likishughulika na pombe linapunguza kazi ya kutoa sukari kwenye damu, na mtu aliyetoka kujichosha akinywa kwa tumbo tupu anaweza kupata kizunguzungu na kudondoka palepale kaunta, wakasema amelewa kumbe sukari imeshuka. Kama ulianguka na kujigonga kichwa, siku hiyo hakuna bia. Kama umemeza dawa ya maumivu, pia hakuna.

Baada ya hapo, kaka, kunywa. Bia si adui.

Ila ujue unachokunywa. Umezoea kuhesabu kwa chupa, na huku chupa inadanganya. Duvel, bia kali ya Kibelgiji, chupa ya mililita 330, ina asilimia 8.5, yaani karibu gramu 22 za pombe halisi. Bia ya kawaida ya asilimia 5 kwenye chupa hiyohiyo ina gramu 13. Ini la mtu mzima hushughulikia gramu saba hadi kumi kwa saa, kwa hiyo Duvel moja inakaa nawe saa mbili na nusu au tatu. Kwa kilo zako, moja kwa makadirio inakuweka chini kidogo ya kikomo cha Ubelgiji cha gramu 0.5 kwa lita ya damu, mbili zinakuvusha. Na kikomo hicho kinamhusu pia mwenye baiskeli, usidhani umepona kwa sababu hukuja na gari. Hapo hemani utalipia kwa vitiketi unavyonunua mlangoni. Nunua vichache. Jenever, ile pombe kali ya huku iliyo jamaa ya jini, watakayokukaribisha ipokee kwa shukrani na uiweke mezani.

Swali la maji huwa linakuja: je, bia inarudisha maji mwilini? Bia nyepesi ya asilimia 2 karibu ni sawa na maji. Ikifika 4 na kuendelea, unaanza kukojoa zaidi ya inavyokufaa. Kwa hiyo glasi ya kwanza iwe chai au maji, au bia isiyo na kilevi. Hiyo ya mwisho usiibeze. Kuna utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa Munich Marathon ya 2009: waliokunywa bia ya ngano isiyo na kilevi kwa wiki kadhaa walipata mafua na maumivu ya koo kwa uchache kuliko wenzao. Fedha zake zilitoka kwa mtengenezaji wa bia, kwa hiyo uuchukue na chumvi kidogo, ila kinywaji chenyewe ni kitamu.

Kwa kuwa umesema unapenda bia za viwanda vidogo, glasi yenye kilevi ya kwanza nakushauri iwe Taras Boulba ya Brasserie de la Senne, Brussels. Ina asilimia 4.5, chungu, kavu, inakata ladha ya tope kinywani. Uchungu wake ni wa hopsi, yale maua wanayochemshia kimea. Kwetu Moshi kazi hiyo kwenye mbege hufanywa na gome la msesewe. Tripel na bia nyeusi za watawa ziache za nyumbani, miguu ikiwa juu ya kiti.

Na nyingine uitafute hasa wewe, kwa sababu ya unakotoka. Karibu na Brussels, kwenye bonde la mto Zenne, kuna bia iitwayo lambiki. Hawatii hamira. Wanachemsha, kisha usiku wanaumimina ule mchuzi wa nafaka kwenye sinia kubwa la chuma lenye kina kifupi, juu darini, madirisha wazi, unapoa kwa hewa ya usiku na kuokota hamira za porini zinazopita. Kazi hii inafanyika majira ya baridi tu, kuanzia Oktoba hadi karibu na Aprili, kwani joto likizidi vinaingia vijidudu vya kuiharibu. Yaani usiku uleule unaokugandisha vidole ndio unaoipika. Cantillon, pale Brussels, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900, wanafanya hivyo hadi leo. Baadaye wanachanganya ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu, wanapata gueuze, chachu, yenye povu, asilimia 5 hivi. Rafiki zangu wa huku wengi hukunja uso wakiionja mara ya kwanza. Wewe umekua ukiona ulanzi unatoka kwenye mwanzi ukiwa mtamu, kesho umechacha, keshokutwa umekuwa mkali, bila mtu kuutia kitu. Sidhani utakunja uso.

Jambo la mwisho: baiskeli ioshe kabla ya glasi ya pili. Mpira wa maji huwa upo karibu na eneo la kubadilishia baiskeli, na foleni ikiisha wanaufunga. Usielekeze maji yenye kasi kwenye ekseli wala kwenye kati ya pedali, grisi itatoka. Tia mafuta kwenye mnyororo palepale. Tope la Flanders likilala usiku mmoja kwenye gia, Jumatatu asubuhi utalitoa kwa bisibisi, na utachelewa kazini mbele ya walewale waliokuandikisha.